Sahani Yako Bado Iko Mezani

Nyumbani Kilvarna,
Karibu na Tulsk, Roscommon,
Ireland.
Tarehe 1 Novemba.

Mpendwa dada Dervla,

Habari za huko Perth kwenye jua? Shemeji Warren hajambo? Na watoto wanaendeleaje? Mimi mzima, ila goti langu linanikumbusha kila asubuhi kwamba ujana ulishapita hapa na haukuaga. Mvua nayo ipo, inakusalimu.

Biashara si haba. Mwezi mzima nimeuza maboga pale njia panda, watu wananunua ya kuchonga sura. Najua mama angenisema. Kwake boga lilikuwa mambo ya Wamarekani, sura ya Samhain, usiku wa marehemu kurudi nyumbani, inachongwa kwenye tanipu ngumu ya shambani tu, hata kisu kivunjike. Basi jana mchana nikauza maboga, jioni nikamchongea yeye tanipu. Kisu kimevunjika. Naamini amefurahi.

Si unajua huu ndio mwaka wa kwanza bila yeye. Nikasema nifanye kila kitu kama alivyokuwa akifanya. Nikaponda viazi na sukuma wiki, nikachimba kishimo cha siagi katikati. Nikawasha moto, nikaacha mlango bila komeo ili wetu waliotangulia wasihangaike kuingia. Waliogonga wakiwa wamevaa sura za kutisha, kama desturi ya usiku ule, ni watoto wa jirani Lenehan peke yao. Nyumba nyingine zote za njia yetu ni giza siku hizi. Zamani tulikuwa kundi zima hapa jikoni, tunagombania tufaha kwenye beseni la maji kwa meno, unamwagia mama maji sakafuni.

Shangazi Nuala alikuja kula na mimi. Tukakata ule mkate wa zabibu wenye vitu vya bahati ndani. Mimi nikapata kitambaa, kama kila mwaka, umaskini unanijua mpaka jina la utani. Pete ikamwangukia shangazi, nusura imng'oe meno ya bandia. Akaitoa mdomoni, akaitazama.

"Cathal, nani wa kunioa mimi na umri huu?"

"Yule mgane anayechonga majeneza, shangazi."

"Mpumbavu we. Yule ananipima kwa macho tangu Pasaka."

Tukacheka. Halafu akaangalia meza. Nilikuwa nimeandaa sahani ya mama, pembeni yake ya baba, na mkono kwa mazoea ukaweka na ya kwako, ile yenye ua la bluu, pale kwenye kiti chako cha dirishani.

"Hii ya nani?"

"Ya Dervla."

"Kwani Dervla amekufa?"

"Hajafa, yuko Australia."

"Sasa unamwandalia pamoja na marehemu kwa nini, we mtoto? Leo kiti kitupu ni cha maiti. Unataka wamchukue?"

Dada, niseme kweli. Tangu mama azikwe hujaandika wala kupiga simu. Najua mazishi uliyaangalia kwenye simu, na najua yaliuma. Lakini mkono wangu ulikuweka pale bila kuniuliza, nikaogopa isije ikawa moyo umeshakuhesabu na wale wasiorudi.

Shangazi akajikokota, akakaa kwenye kiti chako, akala chakula chako chote mpaka siagi. Akasema wakija heri wamkute yeye, pete anayo tayari. Kisha akatoa sharti: sahani ile isirudi kabatini mpaka mwenyewe aje ale humo. La sivyo imeshakuwa ya marehemu.

Basi iko mezani. Asubuhi hii nimekunywa chai karibu nayo. Haiongei sana, lakini inakushinda wewe.

Sisemi uhame urudi kuishi huku. Njoo Krismasi tu, ule viazi, unitukane kwa ajili ya maboga, uende zako. Na kama Krismasi ni mbali, piga simu hata ukohoe tu, nikamwambie shangazi hujafa.

Msalimie sana shemeji Warren. Orla na Tadhg waambie mjomba wao amewabakizia boga moja kubwa lililokataliwa na wateja wote. Shangazi Nuala anakusalimu, pete hajaivua. Mtakatifu Brigida akutandazie joho lake huko uliko, akuongoze mpaka jikoni kwetu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, ambaye hata leo sijafunga komeo,

Cathal