Sitaimba Nikiwa na Viraka

Mwihoko, 18 Mei 2025

Gachau kaka yangu,

Hili sijaambia mtu yeyote: ile filamu ya msichana yatima anayeimba, ile tulikuwa tunaangalia na Mami mpaka tukajua nyimbo zote, siku hizi naichukia.

Pole, hata sijakusalimia. Sasa? Chakula cha bweni umekizoea ama bado mnapigana? Huku kwa shangazi yetu, Tata Maggie, sote wazima.

Juzi kanisani walituonyesha tena ile filamu, sisi vijana. Nilidhani nitafurahi. Lakini ushawahi kuiangalia vizuri? Wazazi wa huyo mtoto wanatajwa mara moja tu, halafu ngoma inaanza! Na tajiri anachukua mmoja mwenye sauti tamu. Wale wasichana wengine wa makao ya yatima wanampungia mkono, wanacheka. Wanacheka nini?

Taa zilipowaka, watu wote waliniangalia mimi, yatima wao. Sasa Tata amesema niimbe ule wimbo wa msichana wa filamu mbele ya wageni wa harambee, Jumapili ya tarehe moja. Eti nitawagusa. Nilitaka kukataa, nikajikuta nimesema sawa. Unanijua.

Dadako,
Wamboi

Thika, 24 Mei

Wamboi wangu,

Niko poa, ni uji wa shule tu unanitesa. Kifua chako kinaendeleaje na hii baridi?

Sasa wewe, wimbo mmoja ndio unakuchoma hivyo? Mami aliupenda. Na una sauti. Mimi nikiimba hao wageni watatoroka na pesa zao. Tata ametuchukua sisi wawili, usisahau. Imba umalize. Ukimkasirisha, likizo mimi nitalala wapi?

Kakako,
Gachau

Mwihoko, 31 Mei

Gachau,

Natumaini uji umeanza kupita kooni. Kifua changu kiko sawa. Roho ndiyo inachemka.

Leo tulikuwa na mazoezi. Nilivaa lile gauni la bluu Mami alininunulia akiwa bado na nguvu. Tata akaniangalia juu mpaka chini: "Hiyo ni smati sana. Nani atakuhurumia hivyo?" Akanivua, akashona viraka vya gunia mbele na nyuma. Gauni zima, Gachau, halina hata tundu! Mwalimu wa kwaya akapiga makofi: "Sasa hapo umekaa kama yatima!"

Kwani nikivaa gauni lililopigwa pasi Mami anafufuka, naacha kuwa yatima?

Na wewe unaniambia niimbe nimalize! Tata ananilisha na nashukuru, kila siku namshukuru. Lakini Mami hakunivalisha vizuri ndio watu waje kumfuta.

Viraka nimevitoa kwa wembe. Kesho nitaimba na kwaya, katikati ya wenzangu, na gauni langu. Peke yangu mbele ya wageni, hapana. Ukikosa pa kulala likizo, nilaumu mimi.

Nasikia ndara za Tata kwenye korido. Huwa nasukuma barua chini ya godoro kabla hajafika mlangoni. Hii naiacha wazi mezani. Akiingia asome, na yaliyobaki nitamwambia kwa mdomo.

Dadako,
Wamboi