Viatu Vyako vya Mlimani

Jumanne, 4 Juni. Asubuhi kulikuwa na ukungu, kisha jua hafifu.

Mume wangu,

Jumamosi ya kwanza ya likizo yako tukiondoka alfajiri, adhuhuri tutakula mkate kando ya lile ziwa la mlimani, la maji ya barafu. Viatu vyako vya kupandia vimekakamaa tangu uende kazini huko, kwa hiyo navivaa nikipika, kwa soksi mbilimbili, ili visije vikakuchubua. Mdogo wangu ananicheka: “Dada, shemeji atakuta soli zimekwisha.”

Likizo hiyo imeahirishwa mara tatu. Sikulaumu, ila nimeanza kupika chakula cha mtu mmoja bila kufikiri, na hilo linanitisha. Njoo.

Mkeo

Jumatano asubuhi: Usingizi ulinipata saa nane usiku, viatu vyako vikiwa bado miguuni.