Simu Haisubiri "Ila"

Jumanne, 6 Mei

Wewe simu huna adabu. Mtu hajanawa uso, hajui hata leo ni siku gani, tayari unamlilia kichwani: "Habari za asubuhi, mama. Unajisikiaje leo?" Halafu vijisura vitano, kimoja kinacheka, kimoja kinalia, vya katikati havijui vinataka nini. Binti yangu akanyoosha kidole, akabonyeza kinachocheka, akageukia ukutani. Mtoto analia pembeni yake. Hakugeuka.

Kifaa cha kliniki hicho. Walimwekea kwenye simu baada ya kujifungua, walipoona hacheki wala halii. Mwanzoni nesi alikuwa anakuja mwenyewe, anavua viatu, anakaa kitandani, anamshika mkono. Siku hizi haji. Simu imemwambia kwamba binti yangu ni mzima.

Mzima, na kitana hakijagusa kichwa chake tangu atoke wodini. Naandika kwa sababu nikigomba kwa mdomo, chumba kidogo, Kipusa anaamka. Kipusa ndiye huyo mtoto. Jina lake la kwenye kadi mama yake hajalitamka bado.

Alhamisi, 8 Mei

Amekuja dada wa tathmini na tableti yake. Anapita nyumba hadi nyumba kuuliza kama kifaa kinafaa. Shikamoo yake nzuri, sikatai. Akamwuliza binti yangu: kutoka moja hadi tano, kifaa kimekusaidia kiasi gani? Binti yangu — ambaye asubuhi nilimkokota kama gunia akaoge — akatabasamu, akasema tano. Dada akaandika tano.

Nikamwambia, mwanangu, hapo umeandika salamu. Akauliza nina maana gani. Nikasema, hata mtu aliye juu ya machela ukimwuliza habari atakujibu nzuri. Ndipo aseme, "ila mguu umevunjika." Watu waliolelewa ndivyo wanavyosema. Sasa hiyo simu yenu inapokea "nzuri", inashukuru, inaondoka zake. "Ila" inabaki mdomoni mwa mwenyewe.

Dada akapekua tableti yake. Akasema hilo halina pa kulijaza, ila ataliandika chini kabisa. Nikamwambia, unaona, na wewe imekutoka. Akacheka. Hata binti yangu, mdomo ulimcheza kidogo. Nikafurahi kama mjinga.

Mgeni alipotoka akaniambia: mama, unanitia aibu. Nikamjibu, mimi ndiye niliyekufundisha kujibu watu vizuri. Sasa umezidisha.

Jumatatu, 12 Mei

Leo nimefanya wizi. Binti yangu yuko bafuni, simu ikalia, nikabonyeza mimi. Sura inayolia. Kwa nguvu, labda isikie. Ikasema: "Pole, mama. Vuta pumzi polepole, hesabu hadi nne." Nikavuta. Bibi mzima nimekaa kwenye stuli navuta pumzi kwa amri ya simu, Kipusa mapajani ananishangaa. Nikatazama mlango. Nesi hakuja.

Mchana kliniki wakapiga wenyewe. Binti yangu akaiwahi. Sauti imejaa asali: "Hapana dada, ni mama tu alichezea simu. Mimi niko salama kabisa." Kule wakasema basi wataifuta, ni kosa la kubonyeza. Wakacheka pamoja, nilisikia.

Kweli moja imesemwa katika nyumba hii, nayo imefutwa kama kosa.

Alipokata simu akanitazama. Macho kama madirisha ya nyumba waliyohama watu. Akasema, usirudie, mama. Hakupaza sauti. Angepaza ningepumua.

Jumatano, 14 Mei

Hajala. Nimegomba — utamnyonyesha mtoto nini, upepo? Kisha nikaingia bafuni nikafungua bomba, nilie bila kusikika.

Nimempigia mkwe wangu, yuko safarini na lori. Anasema hata yeye kila jioni anamwuliza hali, anajibiwa nzuri. Nikamwambia, basi na wewe ni simu tu. Nikakata. Sikumtendea haki. Kijana wa watu alikuwa bado anauliza kama mkewe amekula.

Ijumaa, 16 Mei

Ameamka mwenyewe. Ameoga. Amechana nywele, amepaka mafuta. Mwingine angepiga vigelegele. Mimi nimemfuata kwa macho kila hatua.

Amekunja nguo zote za Kipusa, kubwa chini, ndogo juu. Amenionyesha ilipo kadi ya chanjo. Akasema: mama, huyu hapendi kubembelezwa, mpigepige mgongoni atalala. Nikasema najua, si nimemlea mama yake? Akasema, ndiyo maana. Akaniwekea mtoto mapajani, akaomba ufunguo wa mlango. Anataka kutembea kidogo. Peke yake.

Ufunguo nimeutia kifuani. Nimesema umepotea. Lini mimi nimepoteza kitu? Anajua. Amekaa kitandani, viatu miguuni, ananingoja nichoke. Nimeweka kiti mlangoni, nimekaa. Kipusa mkono huu, kalamu mkono huu.

Simu ikalia. Akabonyeza inayocheka, mbele ya macho yangu. "Hongera, mama! Umekuwa na wiki nzuri."

Nikamwita fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, kupitia dirishani. Nikamwambia funga kazi, kimbia kliniki, mlete nesi mwenyewe, na miguu yake. Akauliza, nimwambie kuna nini, bibi? Huyu jirani, tangu tujuane, kila asubuhi ananiuliza habari na mimi namjibu nzuri. Nikasema: nzuri, ila binti yangu anataka kufa.

Nilisema kwa sauti. Barabara nzima imesikia. Na wasikie. Binti yangu naye amesikia. Ameinamisha kichwa. Hakukataa.

Fundi ameondoka mbio, nyundo bado mkononi. Hajarudi. Binti yangu amevua kiatu kimoja. Kimoja bado.

Nesi, ukiingia hapa, hiyo simu usiiguse. Vua viatu, kaa kitandani pale pale pako pa zamani, mshike mkono. Mwulize hali. Atakujibu nzuri. Usiinuke. Kaa hapo hapo mpaka aseme "ila".