Kuunyima Uvimbe Damu

Bondeni, Nakuru
3 Machi 2025

Binti yangu Jerotich,

Chamgei? Natumai u mzima huko Nairobi. Hapa kwa shangazi yako Chepkemboi tunaendelea, isipokuwa hili koo. Uvimbe umenimalizia sauti, ndiyo maana nakuandikia kwa simu badala ya kupiga.

Wiki ya pili sasa wananichoma kwa ile mashine ya miale. Hainiumi hata kidogo, na hiyo ndiyo inanitia wasiwasi. Madaktari wanaongea haraka, mimi naitikia tu. Wewe unayeshinda maabara ukipiga miale seli za mishipa ya damu, niambie: inafanya nini humo ndani?

Babako, Kipkemoi

Nairobi
6 Machi

Baba mpendwa,

Chamgei, na salamu kwa shangazi. Mimi mzima, kazi tu ndiyo nyingi.

Uvimbe ni mlafi, Baba. Ukishakua kidogo huita mishipa ya damu iote kuuelekea, iuletee chakula. Miale inaua seli za uvimbe wenyewe, na pia inaumiza seli zilizotandazwa ndani ya mishipa. Huku naziona zikijipanga ziwe mirija. Nikizipiga miale, nyingine zinakufa, nyingine zinakaa tu bila kugawanyika. Mishipa mipya inakawia kuota. Kwa hivyo usiogope. Kutoumia si kusema haifanyi kazi.

Binti yako, Jerotich

Bondeni
20 Machi

Binti yangu,

Chamgei? Umeamkaje? Nilikuelewa sana. Uvimbe ni kiazi! Huko kwetu Keringet, kabla ya kuvuna tunakata majani, kiazi kinakosa chakula, hakinenepi tena. Basi nami nimekata majani. Tangu uniandikie sijagusa nyama, mayai wala maziwa yetu ya mursik, chochote cha kuongeza damu. Ni sturungi, chai isiyo na maziwa, na ugali kidogo. Shangazi yako ananung'unika, wacha anung'unike.

Leo hospitalini wamepima damu, wakasema imepungua, wakakataa kunichoma mpaka iongezeke. Nilicheka moyoni. Hawajui nimewasaidia kazi.

Babako

Nairobi
21 Machi

Ai, Baba! Salamu baadaye.

Nani alikuambia ukate majani? Miale inaua vizuri palipo na oksijeni, na oksijeni inabebwa na damu. Ukipungukiwa damu, uvimbe unakosa hewa, unakuwa sugu, na unazidi kuita mishipa mipya. Kiazi kilichokatwa majani hukomaa ngozi, hilo unalijua kunishinda.

Nimekasirika na nimeogopa. Nimempigia shangazi, anachemsha maini. Kula. Wakitaka kukuongeza damu, kubali.

Jerotich

Bondeni
9 Aprili

Chamgei, mwanangu. Natumai hasira imepoa.

Niliongezwa damu, nakula, na juzi nimerudishwa kwenye mashine. Lakini wamepiga picha tena. Uvimbe ni mkubwa kuliko ulivyokuwa mwezi jana. Daktari alinieleza polepole, safari hii nikasikia kila neno. Shangazi yako nimemwambia picha bado haijatoka.

Usinifiche kwa sababu mimi ni babako. Nimejiua?

Kipkemoi

Nairobi
10 Aprili

Baba,

Sijui. Ungekuwa seli zangu ningekujibu. Wewe siwezi. Najua miale iliyobaki bado ni mingi, na kwamba damu yako sasa inatosha kuisaidia.

Nimeomba likizo. Nakuja kesho, nitakaa hapo Bondeni mpaka umalize. Mwambie shangazi ukweli kabla sijafika, asije akausoma usoni pangu.

Binti yako, Jerotich