Mtu wa Kwenye Daftari Lako

Masanja, ndugu yangu,

Ni mimi, Maganga. Nisikilize leo mpaka mwisho, maana nimekufanyia jambo baya.

Unalikumbuka daftari lako la jalada la kijani, ile hadithi uliyokuwa ukiandika tulipokuwa walimu pamoja, kabla hujaacha chaki ukaenda Geita kuchimba dhahabu. Mtu wako hana jina. Anapalilia pamba, anavuna, anauza, anapalilia tena, na hajui ya nini. Akiamkiwa anaitikia, huku anahisi anayeamkiwa ni mwingine aliyesimama nyuma yake. Ulinipa nisome. Nikacheka, Masanja! Nikakwambia, "Bwana wee, mtu wa namna hii hayupo duniani." Ukalichukua daftari lako, ukaniuliza kama nimeshakula.

Mwaka uliofuata tukakuzika. Wenzako wanasema mvua ilikuwa imenyesha, duara lenu la kuchimbia dhahabu limeanza kumomonyoka, wote wakakataa kuingia shimoni. Ukashuka peke yako. Hakuna aliyekutuma. Hilo ndilo linalonitafuna.

Baada ya matanga mama yako akanijia na daftari. Kiswahili chake unakijua, cha sokoni tu. Akataka nimsomee kwa Kisukuma. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikamtazama usoni, nikashindwa. Nikamtungia mtu mwingine kabisa: ana mke, ana ng'ombe, anacheka, anamkumbuka mama yake. Alifurahi, we! Akarudi Jumapili ya pili, na ya tatu. Nikishaanza, nitaachia wapi?

Kisha akajiandikisha kisomo cha watu wazima, na mwalimu ni mimi. Wenzake wanataka wajue kusoma mizani ya pamba. Yeye anataka kukusoma wewe. Basi nikamrudisha kwenye herufi, mara mbili, nikidai macho yake hayajazoea. Mama mtu mzima anatembea mwendo wote ule na kalamu yake kwenye kitenge, na mimi namnyima silabi! Niliona aibu, na bado nikaendelea. Siku hizi watu wakiniamkia njiani nageuka nyuma kutazama wanamwamkia nani. Mtu wako amehamia kwangu, Masanja, na ninaogopa.

Jumapili iliyopita akanipokonya daftari. Kumbe amekuwa akijifundisha mwenyewe nyumbani. Akaweka kidole, jasho likimtoka: "Wa-na-ni-a-m-ki-a, la-ki-ni mi-mi si-po."

Nikangoja alie. Hakulia. Akarudisha kidole mwanzo wa mstari, akasema, "Huyu ndiye mwanangu. Alikuwa hivi tangu mdogo. Yule wako wa kila Jumapili, Mwalimu, ni nani?"

Mama yako alikujua, ndugu yangu, na angekaa nawe vivyo hivyo ulivyo. Mimi niliyekula nawe sahani moja ndiye niliyekukataa, ukiwa hai, na nikakukataa tena ukiwa kaburini. Nisamehe.

Kesho nampandisha darasa. Kurasa zilizobaki atazisoma yeye, nami nitakaa nisikilize. Neno asilolijua nitamweleza kama ulivyoliandika, hata pale panaponiuma. Hiyo ndiyo ahadi yangu, sina nyingine.

Pumzika, Masanja. Tuko ukurasa wa nne tu. Leo nilitaka kumsaidia twende mbio kidogo, akanizuia mkono, akasema tusikuharakishe.