Homa ya Penina Imeshuka

Baba Penina,

Gari la ushirika linatungoja, tunakwenda hospitali Bukoba. Ndizi nimeshamenya, mpikie mama yako.

Ulipotoka kwenda shamba la kijiji ulisema, "Homa imeshuka, mwache alale." Nami nilifurahi. Baadaye nikamkuta mikono baridi, fizi zinavuja damu. Mganga wa zahanati akauliza, "Amewahi kuugua kidingapopo, yaani homa ya dengue?" Nikamwambia mwaka jana, tulipokuwa Tanga. Akasema ya pili ndiyo mbaya: mwili hupigana nayo mpaka ukajiumiza wenyewe, na hatari huanza homa ikishuka. Sikulaumu, hata mimi sikujua.

~~Maliza kwanza kazi ya kijiji.~~ Hapana, njoo sasa hivi. Amechomwa sindano na hakulia, ananitazama tu.

Mama Penina