Si Mtandao, Ni Mimi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na yule jogoo wako mkorofi ameacha kuwarukia wageni. Sisi huku hatujambo. Dada hajambo, shemeji hajambo, watoto wao wanakua na kelele zao zinakua pamoja nao. Mimi pia ni mzima wa mwili, na ukiniuliza kuhusu moyo, nao ni mzima kuliko wakati wowote ulionijua.

Umeona, Mama, kwamba leo nimekuamkia mpaka mwisho? Kwenye simu sijawahi. Nikianza tu kuvuta pumzi, wewe umeshaitikia marahaba, umeshauliza habari za kazi, umeshajijibu kuwa ni nzuri, kisha unamtaka dada. Kigugumizi changu unakijua tangu nilipoanza kusema, na kwa kuwa mimi ndiye kitinda mimba, ulikuwa na nafasi ya kutosha ya kunisemea. Lakini kwenye karatasi sikwami, na hapa huwezi kunikatiza. Kwa hiyo kaa kitako, vaa miwani, unisome mpaka chini.

Najua dada amekwisha kukudokezea habari za kazi. Yeye hutoa habari kidogo kidogo, na kila kidogo hukitia chumvi. Acha nikueleze mwenyewe.

Kampuni yetu ya lifti ilitangaza nafasi katika chumba cha kupokea simu za dharura. Ndani ya kila lifti kuna kitufe chenye alama ya kengele. Mtu akikwama kati ya ghorofa na ghorofa hukibonyeza, na sauti humjibu kutoka ofisini kwetu. Kazi ya mwenye sauti hiyo ni kumtuliza, kumuuliza yuko jengo gani, kumtuma fundi, na kuendelea kuzungumza naye mpaka mlango ufunguke. Hiyo ndiyo kazi niliyoiomba. Ndiyo, Mama, kazi ya kuzungumza. Ukitaka kuvua miwani upumue kidogo, vua, lakini uivae tena.

Niliitaka kwa moyo wangu wote, na si kwa ubishi peke yake, ingawa ubishi nao ulikuwemo. Tangu niajiriwe nimekuwa nikipaka grisi kamba za chuma na kubadilisha roda zinazozipitisha, na kila lifti ikinasa na mtu ndani, kabla sijashika spana huwa nazungumza naye kupitia mlangoni. Hapo ndipo mahali pekee ambapo kigugumizi hakijawahi kunitia aibu. Mtu aliyekwama kwenye lifti hana haraka. Hana pa kwenda. Atanisubiri nimalize, apende asipende, na nikimaliza hunishukuru.

Wenzangu waliposikia nimeomba walicheka mpaka wakashika mbavu. Msimamizi wetu aliniuliza kama nimechanganya nafasi, maana wiki hiyohiyo walikuwa wanatafuta mlinzi wa geti. Nilimwambia sijachanganya. Ilichukua muda kumwambia, lakini nilimwambia.

Nyumbani dada alishika tama kama aliyeletewa habari za msiba. Alipoona sirudi nyuma, akajifunga kibwebwe kunisaidia. Usaili wa kwanza ulikuwa wa mtandaoni, kwa hiyo alianza na nguo, akaninyooshea shati na kuniambia suruali si lazima kwa kuwa miguu haitaonekana. Kisha akaja kwenye ulimi. Akagundua kwamba nikiimba sikwami, jambo ambalo ni kweli, akanitaka nijibu maswali kwa kuimba polepole. Nilijaribu. Lakini Mama, nani anaweza kumwimbia meneja udhaifu wake ni nini?

Hapo ndipo shemeji alipoingia. Unamjua shemeji. Ni wakala wa bima, na kwa mdomo alionao anaweza kumtoa nyoka pangoni. Akasema mambo haya ni rahisi. Yeye atakaa chini ya meza na kuzungumza, mimi nitakaa kwenye kiti na kufungua mdomo. Taa tutaizima moja ili sura isionekane vizuri, na wakiuliza tutasema kamera ni mbovu.

Tukafanya mazoezi. Kompyuta yake tuliiweka juu ya sufuria iliyofunikwa kifudifudi ili ilingane na uso wangu, na nyuma yangu tukatundika pazia kuficha nguo za watoto zilizoanikwa ndani. Dada akawa meneja, anatupigia kutoka chumbani. Aliponitaka nijieleze, sauti ya shemeji ilipanda kutoka chini ya meza ikisema kwamba mimi ni mtu mwenye maono, nimezaliwa kuongoza watu, na kazi ndiyo burudani yangu. Mimi nafungua mdomo na kufunga, kama samaki aliyetolewa majini. Mara shemeji akapiga chafya, chafya ya nguvu, na mimi uso wangu umetulia tuli. Dada alicheka mpaka simu ikamponyoka.

Tulirudia, tena na tena, naye shemeji akazidi kunogewa. Siku ya mwisho ya mazoezi alishamwahidi meneja kwamba nitafanya kazi hata sikukuu. Nilimtazama pale chini, amekunja magoti, jasho linamtiririka, ananisemea kwa raha zake zote, na nikaona kuwa yule mtu anayeombewa kazi mimi simjui. Na hata kama angeipata, siku ya kwanza nani angekwenda kuketi kwenye kile kiti? Nilikasirika, Mama. Lakini sikubishana naye. Kubishana kwangu kunataka muda, na shemeji hana subira.

Asubuhi ya usaili alipokwenda kuoga, nilibeba kompyuta na sufuria yake nikavipeleka chumbani kwangu, nikafunga mlango kwa ufunguo. Alibisha hodi. Akabembeleza. Akamwita dada, naye akaja akasema karibu na kitasa, kwa sauti ya kilio, "Mdogo wangu, utajiaibisha."

Nikamjibu, "Niache nijiaibishe mwenyewe."

Kwenye kioo cha kompyuta walitokea wawili, meneja wetu na mama mmoja wa idara ya utumishi. Wakanisalimu vizuri, wakaniomba nijieleze. Nikakwama kwenye neno la kwanza kabisa. Unakujua kukwama kwangu kukubwa, kule ambako shingo inakaza na macho yananitoka. Wakasubiri. Wakatazamana. Kisha yule mama akasogea karibu na kamera yake akasema kwa upole kwamba mtandao wangu unakatika, labda nizime picha ibaki sauti tu.

Mama, nilipewa njia ya kutokea. Ningeitikia kwa kichwa tu, ningeusingizia mtandao mpaka mwisho, na mtandao haujawahi kukana kosa. Hata shemeji nyuma ya mlango alinong'ona kwamba nikubali. Nikaishusha pumzi ile iliyonikwama, nikawaambia, "Si mtandao. Ni mimi. Nina kigugumizi, kwa hiyo mtasubiri kidogo."

Yule mama akainamisha macho. Meneja akakohoa, akasema hakuna tabu, niendelee. Nikaendelea. Kila nilipokwama, meneja alinitupia neno, nami nikatikisa kichwa. Alinipa maneno mengi yasiyokuwa yangu, akanipa na mengine yaliyokuwa yangu kabisa, yale yale niliyokuwa nayatafuta. Nayo nikayakataa, nikayafikia mwenyewe. Nilijibu maswali yote. Walikuwa wamepanga kuzungumza na mtu mwingine baada yangu, na sidhani kama alianza kwa wakati.

Nilipofungua mlango nilimkuta shemeji amekaa sakafuni, taulo shingoni. Alikuwa amesikiliza yote. Baadaye sana ndipo aliposema kwamba wakiniita ofisini, tai yake ya bluu itanipendeza.

Wakaniita. Hapo sasa, Mama, ndipo unapoingia wewe.

Niliingia katika chumba chenye meza ndefu. Walikuwa watatu safari hii, wale wawili pamoja na mhandisi wetu mzee ambaye anakaribia kustaafu. Mbele ya kiti changu walikuwa wameweka kalamu na karatasi zenye maswali yaliyokwisha kupigwa chapa, chini ya kila swali pameachwa nafasi ya kuandika. Nikauliza hizi ni za nini. Yule mama wa utumishi akatabasamu, akaniambia wameambiwa kwamba napenda kujibu kwa maandishi. Nikauliza wameambiwa na nani.

"Mama yako alitupigia," akasema. "Alizungumza vizuri sana."

Nitakuwa mwongo nikisema sikuumia. Masikio yaliwaka moto. Mimi mwenye ndevu, ninayekabidhiwa funguo za majengo ya watu, niliketi pale nikisimuliwa jinsi ulivyowaeleza maisha yangu tangu utotoni, ukawaomba wanihurumie, ukawauliza kama hakuna kazi ya kimya kimya, labda kwenye stoo ya vipuri. Nakujua, najua ulilia pia, ingawa hilo walinificha. Nikaichukua ile kalamu nikaiweka upande wa pili wa meza. Nikawaambia nimekuja kuzungumza.

Mhandisi akaniuliza jambo la kwanza nitakalomwambia mtu aliyekwama ni lipi. Nikamjibu, "Nipo hapa. Sitaondoka mpaka utoke." Ni maneno machache, lakini yalinichukua muda mrefu kuliko safari ya lifti kutoka chini mpaka juu. Meneja alitazama saa. Mhandisi hakutazama chochote ila mimi.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alisema waziwazi kwamba mtu mwenye hofu, akisikia sauti inayokwama, atazidi kuogopa. Nilimwambia huenda ni kweli kwa baadhi yao, na wale ambao nimezungumza nao mlangoni miaka yote hii hawajambo hadi leo, awaulize. Akasema ameuheshimu ujasiri wangu, lakini kwa kumstahi mama yangu wamenitafutia ile nafasi ya stoo, na wewe wameshakuahidi. Chumba kizuri, rafu, nati na bolti, cheo kinapanda, na hakuna wa kuzungumza naye kutwa nzima. Alilisema hilo la mwisho kana kwamba ananipa zawadi.

Dada ananiambia umeshawatangazia mtaa mzima kwamba mwanao ni bwana stoo, na watu wanakuja kukupongeza. Ndiyo maana nimeandika, maana habari hii nisingeweza kukuachia uipate kwa mwingine. Kazi ya stoo nimeikataa. Nilisimama, nikarudisha kiti mahali pake, nikasema, "Hiyo kazi aliiomba mama yangu. Mpeni yeye."

Yule mama wa utumishi aliziba mdomo ili asicheke. Mhandisi hakuziba.

Na ile ya kupokea simu hawakunipa. Wamempa binti mmoja mwenye sauti laini, nimeshamsikia akifanya kazi, anaiweza, sina kinyongo naye. Mimi nimerudi kwenye grisi yangu. Mhandisi alinifuata mpaka ngazini akaniambia kwamba mwakani wataongeza mtu mwingine kwenye chumba kile. Nikamwambia ataniona. Msimamizi wetu ananiita kichwa ngumu siku hizi, na sijawahi kupewa jina lililonikaa vizuri hivyo.

Mama, najua ulikotoka na jambo hili. Nakumbuka ulivyokuwa ukisimama mlangoni mwa darasa nikiwa mdogo, umekunja kanga, hakuna mtoto aliyethubutu kucheka ukiwa pale. Ulinilinda, na sitaacha kukushukuru kwa hilo. Ila siku zile nilihitaji mtu wa kusimama mlangoni, na leo, kwa kuwa bado umesimama mlangoni, mimi mwenyewe siwezi kupita. Nakupenda sana, nami nakwambia bila kupepesa macho: usinisemee tena. Usinisemee ofisini, usinisemee kwa ndugu, wala kwa binti nitakayemleta kwako siku moja, ambaye nitamtambulisha mimi, hata chai ikipoa.

Sina mengi zaidi. Wasalimie mama mkubwa na watoto wake, msalimie jirani uliyeazima simu yake kunipigia debe, mwambie simchukii. Dada na shemeji wanakusalimu. Na wale wanaokuja kukupongeza usiwafiche kitu, maana aibu sina. Waambie mwanao alikosa kazi, na aliikosa kwa mdomo wake mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
Fundi wa lifti